Boliti Yenye Kutu Yataka Usiku Mmoja



Kwa kawaida ukurasa huu huzungumza habari za ng'ombe, viazi, pareto na mikopo. Mwezi huu naomba ruhusa nizungumze habari ya boliti. Tena si boliti yoyote, bali ile ishikayo bomba la moshi la motokaa, au ekzosi kama tulivyozoea kuiita. Ile iliyoliwa na kutu, ambayo fundi akiitia spana hukatika, kichwa kikaanguka chini na mwili ukabaki ndani. Huenda msomaji akasema kwamba hilo ni shauri la gereji wala si shauri la shamba. Mimi nasema ni shauri la shamba, kwa sababu maziwa hayatembei kwa miguu.

Skimu nyingi za huku Nyandarua zilianza mwaka 1962 na miaka iliyofuata, wakati mashamba makubwa ya Wazungu yaliponunuliwa na kugawiwa wananchi katika mpango ulioitwa wa ekari milioni moja. Punda na mkokoteni wangali wanafanya kazi yao njiani, na Mungu awabariki. Lakini maziwa ya asubuhi, viazi vya soko la mbali na mbolea ya msimu huenda kwa pikapu. Pikapu moja huwa inategemewa na nyumba kumi au ishirini. Ikisimama kwa siku tatu, si mwenyewe peke yake apataye hasara. Mama aliyekamua saa kumi na moja alfajiri amepata hasara pia, na yeye hakuigusa spana.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na sehemu ya kazi yangu ni kuandika ni kwa nini mzigo fulani haukufika siku fulani. Sababu nizisikiazo ni nyingi: mvua, daraja, tairi, dereva kuugua. Lakini hii ya boliti ya ekzosi kukatika huja mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila nikiuliza habari yake kwa urefu nakuta hadithi ni ile ile. Ndiyo maana nina maoni yangu juu yake, nayo ni haya: boliti nyingi hukatika kwa sababu mwenye gari hakumpa fundi usiku mmoja. Lawama twamtupia fundi, na saa iliyokuwa ikimsukuma ilikuwa yetu.

Nilifunzwa ualimu kabla ya kuingia ofisini, basi mniwie radhi nikianza na somo kidogo.

Chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu. Hilo kila mtoto wa shule ajua. Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi hatulikumbuki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo kwanza. Kwa hiyo kutu ikizaliwa baina ya meno ya boliti na meno ya nati haina pa kwenda, nayo hujishindilia humo kama kabari iliyopigwa katika gogo. Jambo la tatu ni joto. Moshi utokao katika injini ya petroli ikifanya kazi nzito waweza kupita digrii 700 za Sentigredi. Boliti iliyo karibu nao hutanuka kila safari, na usiku katika baridi yetu hii hujikunyata tena. Mafuta au grisi ya kawaida uliyoipaka huungua ikaisha. Kisha sisi twalivusha gari, bomba likiwa moto vile vile, katika dimbwi la matope.

Tena tuna ya kwetu sisi wakulima. Gari letu hubeba mbolea ya chumvichumvi na chumvi ya ng'ombe, na vumbi lake humwagika chini ya bodi, likinyeshewa huwa maji makali yanayokula chuma upesi. Na motokaa nyingi tunazonunua zimetumika kwanza Japani, ambako katika sehemu za kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji ili magari yasiteleze. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini likifika kwetu huwa limekwisha pita mikononi mwa watu wawili au watatu wa mjini. Utakapolala chini yake utazame boliti za ekzosi, huenda usione pembe za kichwa kabisa. Utaona vidonge vyekundu tu kama viazi vidogo vilivyoachwa mchangani.

Sasa twende gereji. Ni saa nne asubuhi, kando ya barabara. Gari linanguruma kama simba kwa sababu gasketi ya bomba imeungua. Fundi anatoka chini ya gari, anapangusa mikono.

"Mzee, hizi boliti zina kutu. Afadhali uniachie gari mpaka kesho."

"Kesho! Na maziwa ya jioni atayachukua nani? Wewe vuta tu, fundi."

Fundi ana watoto, na mteja akiondoka ataenda kwa jirani. Basi anachukua spana, anachomeka juu yake bomba refu la maji ili apate nguvu, anavuta. Tak! Yule mzee aliyesema "vuta tu" sasa amesimama ameshika kiuno, anasema, "Fundi ameniharibia gari." Mazungumzo haya, kwa maneno haya au mengine yafananayo, nimeyasikia mara nyingi hata naweza kuyaandika bila kuwapo.

Lile bomba refu lastahili maneno mawili. Mkono wa spana ukiongezwa urefu mara tatu, nguvu inayoifikia boliti huzidi mara tatu pia, ingawa aliyevuta ni mtu yule yule. Boliti nyingi za mahali hapa zina unene wa milimita 8 au 10, tena zimepunguzwa na kutu. Kabari ya kutu imeshika meno, kichwa kinazunguka, na shingo iliyo katikati ndiyo isokotwayo kama kamba. Haina budi kukatika. Hakuna mchawi hapo.

Basi huo usiku mmoja hufanya nini?

Jioni, gari likiisha kupoa kabisa, fundi au mwenyewe huchukua brashi ya waya akasugua kila boliti mpaka meno yaonekane. Kisha hutia mafuta ya kupenya. Yako ya kununua katika mkebe, nayo ni mazuri. Mafundi wengi huchanganya yao: sehemu moja ya asetoni na sehemu moja ya mafuta ya giaboksi ya otomatiki, wakayatikisa kila mara kabla ya kutia kwa sababu hujitenga. Mchanganyiko huu hufanya kazi vizuri, lakini asetoni hushika moto upesi sana. Usichanganye jikoni wala karibu na sigara, wala usitie juu ya bomba lililo moto. Asiye na haya wala yale atie dizeli, si haba. Baada ya kutia, agonge kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi kama kumi hivi, si ya hasira. Kugonga huko hupasua kutu nyufa ndogo ndogo na mafuta hupata njia. Kabla ya kulala atie tena, agonge tena. Hiyo ndiyo kazi yote ya usiku, na nyingi yake hufanywa na mafuta yenyewe wakati mtu amelala.

Asubuhi yataka spana ya kufaa. Hapa nina neno kali kidogo. Spana iliyolegea, ile iliyotanuka midomo, na soketi yenye pembe kumi na mbili, zote hukamata boliti kwenye ncha za pembe zake tu, na ncha zenyewe zimekwisha liwa na kutu. Soketi yenye pembe sita hukaa bapa kwa bapa. Tofauti ya bei ni ndogo, na tofauti ya matokeo ni kubwa. Ikiwa kutu imepunguza kichwa mpaka kipimo chake hakifai, soketi ndogo zaidi ya pembe sita yaweza kupigwa kwa nyundo ikashika.

Kisha usianze kwa kufungua. Anza kwa kukaza, kidogo sana, kiasi cha kuishtua tu. Halafu fungua. Ikisogea hata upana wa unywele, rudisha, tia mafuta, fungua tena mbele kidogo, rudisha tena. Mtu asiyejua atadhani unacheza. Unaitoa kutu katika meno, kidogo kidogo, kama mtu atoaye gogo katika matope kwa kulitikisa mbele na nyuma. Na usikie kwa mkono. Spana ikizunguka kwa ulaini, kama uvutaye mpira, simama hapo hapo. Boliti haifunguki, inajisokota, na mvuto unaofuata ndio utakaoikata. Fundi mzuri hutambuliwa kwa jambo hilo, kwamba ajua kusimama.

Ikiwa bado ni ngumu, ni zamu ya moto. Pangusa mafuta yote kwanza, ondoa mikebe, angalia bomba la petroli na nyaya ziko wapi, weka mchanga karibu. Kinachotakiwa kupata moto zaidi ni nati, au chuma kilichoizunguka boliti, ili kitanuke na kuiachia. Moto ukiisha kuondolewa, na chuma kingali moto wa kuyeyusha mshumaa, gusisha mshumaa penye meno. Nta huyeyuka ikanywewa ndani mahali ambapo mafuta hayakufika. Nilipoona jambo hili mara ya kwanza nilidhani ni desturi tu za mafundi wazee, lakini lafanya kazi na sababu yake yaeleweka. Ila nawaonya: kama boliti imeingia katika kichwa cha injini cha alumini, moto wa gesi ni hatari. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660 za Sentigredi, nayo haigeuki nyekundu kwanza ili kukuonya kama chuma kifanyavyo. Mtu hungoja aone wekundu, na mara kipande kimedondoka.

Haya yote yafanywe gari likiwa limesimamishwa kwa vishikizo vya chuma au magogo imara, na magurudumu yamezuiwa. Asilale mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na avae miwani, kwa maana kutu ikigongwa juu ya uso huanguka machoni.

Sisemi kwamba usiku mmoja huokoa kila boliti. Ziko zilizokwisha kuliwa hata zimebaki kama penseli. Hizo zitakatika hata ukizishika kama yai. Lakini hapo pia subira ina faida, kwa sababu kabla ya kukata kitu hapana budi kuuliza swali moja, nalo ndilo swali ambalo watu wa haraka hawaliulizi: boliti hii imepita upande wa pili, au imezama katika chuma?

Pale ambapo bomba huungana na bomba jingine chini ya gari, mara nyingi boliti hupita katika sahani mbili ikatokea upande wa pili, na nati yake iko wazi. Hiyo haina haja ya kutolewa kwa heshima. Ikate kwa msumeno wa chuma au kwa graenda, ipige kwa panchi itoke, tundu lisafishwe, utie boliti mpya na nati mpya. Nimepata habari za watu waliolipa fedha nyingi kuchomelewa na kutobolewa boliti ambayo msumeno ungeimaliza kwa robo saa. Mkulima akijua jambo hili moja tu amekwisha okoa gharama ya gazeti hili kwa miaka mingi.

Lakini boliti iliyozama katika manifoldi, au katika kichwa cha injini, ni habari nyingine. Ikiwa imebaki kipande kinachochomoza, bora kichomelewe nati juu yake na mchomeleaji mzuri. Nati hushika, na joto la kuchomelea lenyewe huilegeza kutu. Mara nyingi ikipoa kidogo hutoka kwa spana kwa upole. Nati iwe ya chuma kitupu, si ile nyeupe iliyopakwa zinki, kwa sababu moshi wa zinki humtia mtu homa. Waya za betri zifunguliwe kwanza. Wala sehemu hiyo isisafishwe kwa dawa za kusafishia breki kabla ya kuchomelea, kwa kuwa nyingine zina klorini, na zikipata moto huo hutoa hewa yenye sumu kali.

Ikiwa imekatika sawasawa na chuma, au ndani yake, ni kazi ya drili. Kipande hutiwa alama katikati kabisa kwa panchi, maana biti ikianza pembeni itakula chuma laini cha kichwa cha injini na kuacha boliti ngumu imekaa ikimcheka mtu. Mafundi wenye akili hutumia biti za mzunguko wa kushoto. Drili huzungushwa kinyume, yaani upande wa kufungulia, na mara nyingine biti ikishika tu kipande chote hutoka chenyewe. Kikikataa, hutobolewa kwa biti inayokua kidogo kidogo. Kwa boliti ya milimita 8 yenye hatua ya meno ya 1.25, tundu lisizidi milimita 6.8; hapo mabaki ya meno huondolewa kwa ncha kali, na meno ya asili husafishwa kwa chombo cha kukatia meno.

Kiko pia kile kipande cha chuma kigumu chenye meno ya kinyume, kinachotiwa katika tundu kisha kikazungushwa ili kuivuta boliti nje. Sikipendi, nami si peke yangu. Kama boliti haikutoka kwa spana yenye kichwa kizima, kipande chembamba cha ndani yake kitaitoaje? Kikikatika humo, na hukatika, utakuwa umeziba tundu kwa chuma ambacho biti za kawaida haziwezi kukikwaruza. Hapo ndipo kichwa cha injini hufunguliwa kikapelekwa mjini, na mwenye pikapu huanza kutafuta mkopo.

Basi tupige hesabu, bila kutaja shilingi kwa sababu bei hubadilika. Usiku mmoja wa kungoja hupoteza safari moja, pengine mbili, na safari yenyewe yaweza kupangwa: jirani huombwa abebe maziwa jioni ile, nawe umbebee siku yake. Boliti iliyokatika ndani ya kichwa cha injini hupoteza siku tatu, nne, au juma zima, tena bila kupangwa, na hapo jirani ana mzigo wake. Ajabu ni kwamba sisi wakulima, ambao twangoja ndama miezi tisa na viazi miezi mitatu bila kulalamika, tukifika gereji hatuwezi kungoja mpaka kesho.

Kuna wengine ambao huikwepa gereji kabisa. Boliti ikikatika hufunga bomba kwa waya, wakajaza matambara au kipande cha bati, na gari likaendelea kunguruma mpaka Krismasi. Hawa nataka kuwaambia neno bila mzaha. Moshi wa motokaa una hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo katika moshi. Hewa hii hushikana na damu kwa nguvu ipitayo mara 200 ya oksijeni, na damu iliyokwisha kushikwa haiwezi kubeba pumzi ya uhai. Bomba likivuja chini ya sakafu, moshi hupenya matundu ya kutu ukaingia alipokaa dereva, au hujikusanya chini ya turubai nyuma ambako tumewapakia watoto na akina mama wa sokoni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha huona usingizi; wenzake husema amechoka na safari. Mwenye dalili hizo atolewe mara moja penye hewa safi na apelekwe hospitali. Wala injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, hata ikiwa ekzosi ni nzima.

Na mwenye trekta naye akumbuke kwamba boliti ikilegea, moto hutoka pembeni badala ya kupanda juu. Katika shamba la mabua makavu cheche moja yatosha.

Kazi ya kurudisha ni fupi, ndiyo maana hufanywa vibaya. Boliti ya zamani isirudishwe hata ikitoka nzima. Inunuliwe mpya, pamoja na gasketi mpya. Pale panaporuhusu, nati iwe ya shaba ya manjano, kwa sababu haigandani na chuma kwa kutu. Meno yapakwe grisi ya shaba nyekundu, ile itengenezwayo kwa ajili ya mahali penye joto kali. Kidogo tu yatosha, na kopo moja dogo huhudumia magari mengi. Baada ya siku chache za kutembea, gari likiwa baridi, kaza tena. Atakayeifungua boliti hiyo miaka mitano ijayo, awe wewe au aliyekununulia gari, atakushukuru bila kukujua.

Sasa nije kwenye jambo nililokusudia kuwaletea. Sioni haja ya kila mwenye pikapu kununua vyombo hivi vyote. Naona kila chama cha ushirika katika skimu kingeweza kuweka kisanduku kimoja. Ndani yake ziwemo soketi za pembe sita za namba 10, 12, 14 na 17, brashi ya waya, mafuta ya kupenya, kopo la grisi ya shaba, biti chache za mzunguko wa kushoto, vyombo vya kukatia meno ya milimita 8 na 10, miwani miwili, na boliti na nati mpya za kutosha. Nilipolitaja jambo hili mbele ya halmashauri moja, mzee mmoja aliniambia kwamba ushirika ni wa maziwa, si wa spana. Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye. Ushirika huo huo huweka pampu za kunyunyizia dawa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, na hakuna aliyesema kwamba ushirika si wa kupe. Kilicho njiani baina ya chuchu na kiwanda chote ni mambo ya maziwa.

Pamoja na kisanduku yafaa yawepo mapatano na fundi, tena kabla spana haijagusa gari. Gari lifike jioni. Usiku wa mafuta ulipiwe, hata kama ni kiasi kidogo, kwa sababu fundi asiyelipwa kungoja hatangoja. Fundi aseme mapema ni boliti zipi anaona zitakatika, na mwenye gari akubali kwamba hizo zikikatika baada ya kutunzwa vizuri si kosa la fundi. Lakini zikikatika kwa bomba refu la saa nne asubuhi, fundi atabeba sehemu yake. Na kama ni mwenye gari aliyesema "vuta tu", abebe yote yeye. Mafundi wawili niliowauliza walisema wangekubali masharti hayo leo. Wenye magari niliowauliza walitaka kufikiri kwanza.

Kisanduku kikae kwa mtunza ghala, si nyumbani kwa mwenye pikapu yeyote, hata awe mwenyekiti. Kitabu cha kuazima kiwe na safu nne: jina, chombo, siku ya kuchukua, na siku ya kurudisha. Biti itakayovunjika ilipwe na aliyeivunja kabla hajaazima nyingine.